Kampuni haiwezi kulala Kasapa



Mtu akikufa kwenye shantie hapa Lubumbashi, tunajua vile inaendaka: kampuni inaleta sanduku, magunia ya unga, bahasha kwa familia. Kesho yake kazi inaanza tena. Direkta hata jina haulizwi.

Lakini sheria iko. Kode penale, artikle 52 na 53: mwenye kuua bila kukusudia, kwa kukosa kuangalia mbele ao kukosa kujihazari, anafungwa miezi 3 mpaka miaka 2. Haikuandikwa "isipokuwa direkta". Na Kode ya kazi ya 2002 inaomba kampuni iwe na kamati ya usalama. Munaiona wapi?

Amande ya kampuni inatoka kwenye kese, inaandikwa sawa vile mazutu. Kifungo hapana. Kampuni haiwezi kulala Kasapa (ile ya gereza, si ile ya iniversite). Mtu aliyekataa kununua kamba njo atalala kule.

Inspektere wa kazi, kwenye proseverbale andika jina la mwenye kusaini bajeti, tuma ku parke. Na familia mujue: bahasha haifungi dosiye. Parke inaweza kuendelea hata kama mumesamehe.