Hiki Si Kigoda Changu

(Maelezo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)



Jumamosi moja asubuhi mzazi mmoja alinijia nyumbani kwangu hapa Kamunyonge, mjini Musoma, akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka 15. Baada ya shikamoo na marahaba, alisema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kumsaidia kuyamalizia: "Mwalimu, huyu kichwa chake hakishiki kitu. Nimeona nikuletee, labda mikono itashika." Mtoto mwenyewe alikuwa amesimama hapo hapo, anasikia. Aliinamisha macho akawa anachorachora chini kwa kidole cha mguu.

Leo nataka tuyatazame maneno hayo, kwa sababu yanasemwa katika nyumba nyingi, na wanaoyasema si watu wabaya. Ni wazazi wanaohangaika. Lakini hebu tujiulize: ni nani aliyetuambia kwamba mkono hufanya kazi bila kichwa?

Mimi nilifundisha useremala shuleni kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Sasa nina mabenchi mawili chini ya mwembe nyuma ya nyumba, na kila Jumamosi vijana sita au saba, wavulana kwa wasichana, huja kujifunza kazi ya mbao kwa vifaa vya mkono. Mashine hatuna hata moja. Tuna randa tatu, misumeno minne, patasi za ukubwa mbalimbali, nyundo, guni, kekee ya mkono, jiriwa moja na mawe mawili ya kunolea.

Juma la kwanza hakuna anayekata mbao. Wote wananoa. Kisu cha randa na patasi husagwa kwa pembe ya nyuzi 25 hivi, kisha makali yenyewe yakamaliziwa kwa nyuzi 30. Mgongo wa patasi lazima ulale bapa juu ya jiwe, usiinuke hata kidogo. Vijana hulalamika, maana walikuja kutengeneza meza nami nawapa jiwe na maji. Lakini mtu asiyejua kunoa hulaumu mbao, hulaumu randa, na mwisho humlaumu aliyemwuzia. Tena patasi butu ndiyo inayojeruhi, kwa sababu mtu huisukuma kwa nguvu nyingi nayo huteleza. Ndiyo maana sheria yetu ya kwanza ni moja tu: mikono yote miwili ikae nyuma ya makali.

Baada ya hapo huja mbao. Kijana hujifunza kuitazama nyuzi zake zinaelekea wapi, kwa kuwa ukipiga randa kinyume cha nyuzi, mbao hunyofoka. Hujifunza kwamba msumeno nao una unene wake, kwa hiyo hukati juu ya mstari. Unakata pembeni, upande wa kipande utakachotupa, mstari ubaki. Hujifunza kwamba mbao mbichi husinyaa upande wa mapana, na kwamba meza iliyopigwa misumari kwa haraka itapasuka baada ya masika na kiangazi kupita.

Na guni, ndugu msikilizaji, guni haina upendeleo. Iweke juu ya ubavu wa mbao, inua vyote viwili uelekeze kwenye mwanga. Mwanga ukipenya chini ya guni, hapo pana bonde. Hata kama baba yako ni mkubwa wa wilaya, mwanga utapenya. Kijana ambaye daftari lake limejaa wino mwekundu hapa hasubiri mtu amwambie kwamba amekosa. Anaona mwenyewe, anarekebisha mwenyewe, na anajua mwenyewe alipopatia. Je, hiyo si kazi ya kichwa?

Sasa nirudi kwa yule mtoto. Baada ya miezi mitatu alitengeneza kigoda chake cha kwanza, cha miguu minne. Kiliyumba. Akapunguza mguu mmoja, kikayumba upande wa pili. Akapunguza na huo, kikarudi upande wa kwanza. Aliendelea hivyo mpaka kigoda kikakaribia kugusa ardhi, na wenzake wakacheka hadi wakakaa chini.

Kesho yake nilikuwa nimewaalika wazazi waje waone kazi za watoto wao. Nikaona aibu. Usiku niliwasha taa, nikang'oa ile miguu, nikachonga mingine, nikaisawazisha na kukipiga kigoda msasa mpaka kikang'aa. Baba yake alipokiona alifurahi mno. Mtoto akakichukua, akakipindua, akatazama chini yake kwa muda mrefu. Alijua alama za randa lake, na zile hazikuwa zake. Akakiweka chini taratibu, akasema kwa adabu: "Mwalimu, hiki si kigoda changu." Hakukibeba. Jumamosi mbili zilizofuata hakuonekana.

Nilikuwa nimemwambia maneno yale yale ya baba yake, tena bila ya kufungua kinywa.

Jambo hili wakubwa wa kazi waliliona zamani. Huko Finland, Uno Cygnaeus aliingiza kazi za mikono katika shule za watoto wote mwaka 1866, si kwa walioshindwa masomo bali kwa kila mtoto. Nchi jirani ya Sweden, Otto Salomon aliwafundisha walimu waliotoka nchi nyingi, na moja ya kanuni zake ilikuwa kwamba mwalimu asiiguse kwa mkono wake kazi ya mwanafunzi. Aelekeze, aonyeshe kwenye kipande kingine, lakini kazi ibaki ya mtoto, pamoja na kasoro zake. Mimi kanuni hiyo niliijua, na usiku ule niliivunja.

Wala hatuhitaji kwenda Ulaya. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyesoma shule ya Mwisenge hapa Musoma, aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana katika mji huu huu ikatoa Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi na kazi iwe sehemu ya elimu yenyewe. Tunayo pia Shule ya Sekondari ya Ufundi Musoma, moja ya shule chache za namna hiyo nchini. Na sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika sekondari sambamba na mkondo wa jumla.

Hilo ni jambo jema. Hofu yangu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba tutaufanya mkondo wa amali kuwa jaa la kutupia watoto tuliowakatia tamaa. Ya pili ni kwamba tutakaa tukisubiri mashine. Mimi sipingi mashine. Fundi wa leo anayetaka kuishi kwa kazi yake lazima azijue. Lakini mashine hufanya haraka kile ambacho mtu anakijua tayari. Asiyejua, humharibia haraka zaidi. Na umeme ukikatika, mwenye randa anaendelea na kazi.

Nendeni mwaloni mkawatazame mafundi wa mitumbwi. Ubao usipokaa sawasawa na mwenzake, ziwa litaingia, na aliyemo ndani ni mtoto wa mtu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wakuu wa shule, anzeni na randa, msumeno, patasi, guni na jiwe la kunolea. Vitu hivyo hujaa katika sanduku moja. Mafundi, vile vifaa vya zamani vinavyoota kutu chini ya vitanda vyenu, vitoeni vifundishe watoto. Na wazazi, mkimpeleka mtoto kujifunza ufundi, mpelekeni kwa heshima ile ile mnayompeleka nayo kidato cha kwanza.

Yule mtoto nilimfuata kwao. Nikamwambia mbele ya baba yake kwamba nilikosa. Si jambo jepesi kwa mtu mwenye mvi, lakini Jumamosi iliyofuata alikuja. Akachukua kipande cha mbao, akapima, akakata, akatoboa. Alipomaliza, kigoda kilikuwa na miguu mitatu, na kila tulipokiweka, iwe kwenye saruji au kwenye mawe chini ya mwembe, kilitulia tuli.

Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha hivyo. Akajibu: "Nilikuwa namtazama mama anapika. Mafiga ni matatu, mwalimu, na sufuria haiyumbi."

Hicho ndicho kichwa tulichoambiwa kwamba hakishiki kitu. Kigoda kile alikibeba mwenyewe mpaka kwao, na nasikia baba yake ndiye anayekikalia jioni.

Kwaheri, ndugu msikilizaji, mpaka juma lijalo.