Mpango Utangulie Fedha: Mgori na Wanawe Walio Mbali

(Yafuatayo ni maneno ya mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma wa Kata ya Mgori, Wilaya ya Singida.)



Nimeombwa niseme juu ya wananchi waliotoka katika kata hii wakaenda kuishi mbali, wengine Dar es Salaam na Arusha, wengine ng'ambo ya bahari, na juu ya mchango wao katika ujenzi wa nchi. Ni jambo linalozungumzwa sana siku hizi. Viongozi wetu huwataja Watanzania waishio ughaibuni karibu katika kila mkutano, na mara nyingi hutajwa kwa ajili ya fedha zao. Mimi nataka tuulizane swali linalotangulia fedha: zikishafika, nani ataamua zifanye kazi gani?

Swali hilo ni swali la demokrasia. Kijiji ambacho wakazi wake wameamua wanataka nini, kikapata msaada wa mtoto wake aliye mbali, kimeongezewa nguvu. Lakini kijiji kisichokuwa na uamuzi wowote, kikaletewa jengo na mtu aliyelichagua mwenyewe kutoka mbali, kimenyang'anywa uamuzi wake hata kama jengo lenyewe ni zuri. Wakazi watalipigia makofi siku ya ufunguzi, na kesho yake hapatakuwa na wa kulitunza, kwa sababu hapakuwa na aliyeulizwa.

Nalisema hili hapa Mgori kwa makusudi, maana Mgori ina historia ambayo inapasa kufundishwa katika shule zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikusudia kuufanya msitu wa Mgori, wenye zaidi ya hekta 40,000 za miombo na vichaka, kuwa hifadhi ya Serikali Kuu. Ramani zilichorwa na mipaka ilitazamwa. Wananchi wanaouzunguka msitu huo, ambao ndani yake walikuwa wakirina asali, wakikata miti ya kujengea na kuchuma dawa, waliona kuwa mali waliyoirithi inakuwa mali ya ofisi iliyo mbali. Hawakukubali.

Kilichofuata ndicho chenye mafunzo. Mpango ule wa kwanza uliwekwa kando, na mwaka 1995 ulinzi na usimamizi wa msitu ukawa mikononi mwa vijiji vitano: Pohama, Ngimu, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga. Kila kijiji kilikubaliana mpaka na jirani yake. Kila kijiji kiliamua katika mikutano yake ni jambo gani liruhusiwe msituni, lipi lihitaji kibali, na lipi likatazwe kabisa. Vijana wa vijijini wakawa walinzi, sheria ndogo zikaandikwa, na bwana misitu aliyekuwa amezoea kuwa askari akawa mshauri. Msaada wa Sweden ulikuwapo katika kazi hiyo, na wataalamu walikuwapo. Lakini msaada huo na utaalamu huo uliufuata uamuzi wa wananchi.

Mwaka mmoja kabla yake, jambo kama hilo lilikuwa limefanyika katika msitu wa Duru-Haitemba, Wilaya ya Babati. Mifano hiyo miwili ilisaidia kubadili fikra za taifa zima. Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 ilikubali kuwa kijiji kinaweza kuwa na msitu wake na kuusimamia, na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ikalipa jambo hilo nguvu ya kisheria. Kwa hiyo, Ndugu zangu, mtu asije akawaambia kuwa mkulima wa mtama na alizeti wa Singida hajui kupanga. Alipanga, na wizara ikajifunza kwake.

Chama chetu kina maneno juu ya jambo hili tangu zamani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitukanya tusiifanye fedha kuwa msingi wa maendeleo, kwa kuwa fedha huzaliwa na kazi ya watu. Mwaka 1969, nchi ilipoingia katika Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere aliipa hotuba yake jina lililokuja kuwa methali: Kupanga ni Kuchagua. Na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulisisitiza kwamba wananchi lazima washirikishwe katika mipango inayohusu maisha yao.

Lakini tukiwa wakweli tutakumbuka pia pale tulipoyasahau maneno yetu wenyewe. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa na watumishi wa Serikali Kuu wakashika kazi zake. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 mamilioni ya watu walihamia vijijini, na sehemu nyingine walihamishwa kwa nguvu, wakapelekwa mahali palipochaguliwa na ofisa ambaye hakuuliza maji yako wapi. Mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikavunjwa. Baadaye nchi ilipobanwa na vita vya Kagera, bei ya mafuta na ukame, wananchi hawakuwa na vyombo vyao wenyewe vya kujitetea. Mwalimu mwenyewe alisema hadharani, mwaka 1984, kwamba kufuta serikali za mitaa na ushirika kulikuwa makosa. Serikali za mitaa zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na Katiba yetu, katika ibara za 145 na 146, inasema kuwa kazi yake ni kuwapelekea wananchi madaraka.

Madaraka hayo yana makao yake. Makao yake ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25 ni mtumishi wa mkutano huo. Uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 uliwapa wajumbe hao dhamana ya kutumikia. Haukuwapa ruhusa ya kuamua peke yao.

Sasa tuwatazame ndugu zetu walio mbali. Ziko nchi zilizotutangulia katika jambo hili, na si zote zilizofaulu kwa namna moja.

Katika Mali, eneo la Kayes, vijana wengi walikwenda kufanya kazi Ufaransa tangu miaka ya 1960. Huko waliunda vyama vya vijiji vyao, wakachangishana mishahara yao ya viwandani, wakajenga misikiti, visima, shule na zahanati. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini zilipatikana pia zahanati zilizosimama bila mganga na shule zilizosimama bila mwalimu, kwa sababu waliojenga hawakupatana kwanza na Serikali inayoajiri mwalimu na mganga. Sisi tunaujua ugonjwa huo. Tulipojenga shule za sekondari za kata kwa wingi kuanzia mwaka 2004, nguvu za wananchi zilisimamisha kuta upesi kuliko tulivyoweza kupata walimu wa kuingia ndani ya kuta hizo.

Katika Meksiko, wahamiaji walioko Marekani kutoka jimbo la Zacatecas walipatana na serikali yao utaratibu ulioenezwa nchi nzima mwaka 2002. Kwa kila fedha moja iliyotolewa na chama cha wahamiaji, serikali kuu, serikali ya jimbo na halmashauri ya mji ziliongeza moja kila moja. Faida yake ilikuwa kwamba mhamiaji hakuweza kujenga peke yake, wala halmashauri haikuweza kukaa pembeni na kungoja. Ilibidi wakae meza moja.

Na katika kaskazini ya Somalia, eneo lijiitalo Somaliland, baada ya dola kuanguka mwaka 1991, wazee wa koo walikutana mjini Borama mwaka 1993, wakakaa kwa miezi, wakapatana namna ya kutawaliwa na namna ya kunyang'anya bunduki mikononi mwa vijana. Fedha za walio ng'ambo zilikuwa zikifika tangu awali na ziliokoa maisha ya wengi. Lakini ni baada ya mapatano ndipo zilipoweza kujenga. Mkunga Edna Adan Ismail, aliyewahi kufanya kazi na Shirika la Afya Duniani, alirudi Hargeisa akatumia akiba yake kujenga hospitali ya wazazi iliyofunguliwa mwaka 2002. Bila amani iliyopatanwa na wazee, akiba ile isingetosha kulinda hata matofali.

Karibu na kwetu liko onyo la Kenya. Harambee ilianza kama nguvu ya wanakijiji kujijengea shule. Muda ulivyopita, ikawa jukwaa la wakubwa kutoa noti mbele ya macho ya watu ili wapate kura. Mwanakijiji aliyekuwa mjenzi akawa mtazamaji. Hatari hiyo haina uraia. Inaweza kuja na mbunge, na inaweza kuja na kijana wetu aliyerudi likizo kutoka London.

Kuna jambo jingine linalofanya mazungumzo haya yasiwe ya kujifurahisha tu, nalo ni ardhi. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine anapoteza uraia wetu. Mwaka 2025 sheria za uhamiaji na ardhi zilirekebishwa ili watu wenye asili ya Tanzania walio katika hali hiyo wapate hadhi maalum, na milango ya kuwekeza nyumbani ikafunguliwa zaidi kwao. Ni jambo la haki, kwa kuwa damu haifutwi na hati ya kusafiria. Lakini mlango ukifunguliwa, mwenye nyumba lazima awe macho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikataza Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu. Mtendaji anayempeleka mgeni mwenye fedha shambani usiku, na kuwaletea wananchi karatasi ya kutia sahihi asubuhi, anaivunja sheria hiyo, hata kama mgeni huyo amezaliwa hapa na anasema Kinyaturu vizuri.

Basi tufanye nini? Ninayo mapendekezo manne, na yote yako katika uwezo wenu.

Kwanza, kila kijiji kiwe na mpango wake ulioandikwa kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa ukutani mwa ofisi. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo mnaujua. Mara nyingi hufanywa ili kutimiza agizo la wilaya, kisha makaratasi yakafungiwa kabatini. Mpango usiojulikana na mkulima si wake, na aliye mbali naye hawezi kuusaidia.

Pili, walimu washike orodha ya waliosoma katika shule zao. Hakuna ofisi inayojua kama mwalimu ni nani aliyekwenda wapi. Orodha hiyo isiwe ya kuombea fedha peke yake. Muuguzi aliyeko Uingereza anaweza kuwaeleza wakunga wetu mambo ambayo hayana bei, na mfanyabiashara aliyeko Dar es Salaam anaweza kuwaambia wafugaji wa nyuki asali yao inauzwa kwa kiasi gani mjini kabla mlanguzi hajafika.

Tatu, mchango wowote upite katika akaunti ya kijiji, utolewe stakabadhi, na usomwe katika Mkutano Mkuu wa kila miezi mitatu pamoja na mapato na matumizi mengine. Wananchi wengi walio mbali wameacha kuchangia kwa sababu waliwahi kutuma fedha kwa mtu mmoja na fedha hizo zikaishia kwa mtu huyo. Mhasibu mwaminifu huleta michango mingi kuliko hotuba nyingi. Na kabla ya kuchimba msingi wa darasa au zahanati, Halmashauri ya Wilaya iulizwe kwa barua: mwalimu yupo? Mganga yupo? Jibu lisomwe mkutanoni.

Nne, aliye mbali apewe sauti. Barua yake isomwe mbele ya watu, ushauri wake ujadiliwe kwa heshima, na akija likizo akaribishwe kusema. Lakini kura ni ya mkazi. Anayekunywa maji ya kisima hicho kila siku ndiye atakayeamua kisima kichimbwe wapi.

Najua wako watakaosema kuwa njia hii ni ndefu, na kwamba mtoaji atachoka kungoja mikutano. Ni kweli kuwa ni ndefu. Lakini vijiji vitano vya msitu wa Mgori vilikubaliana mipaka kwa kutembea kwa miguu, kijiji na kijiji, na kazi hiyo haikufanywa kwa siku moja. Mtoaji asiyeweza kungoja uamuzi wa wakazi anataka kununua shukrani zao, na shukrani za namna hiyo hazijengi taifa.

Ndugu Walimu na Ndugu Watumishi, ninyi mnasimama kati ya mwananchi na karatasi za Serikali. Mkutano Mkuu ujao wa kijiji mnakoishi, nendeni mkakae pamoja na wakazi wengine, mkaulize mpango uko wapi. Kama upo, usomwe. Kama haupo, uanze siku hiyo hiyo. Baada ya hapo waandikieni walio mbali, muwaeleze wazi kile ambacho kijiji kimechagua.