Maumivu Yasiyoonekana: Fibromialgia kwa Wanaume



Yapo maradhi yasiyovimbisha kiungo, yasiyoonekana kwenye picha ya eksirei wala kuthibitishwa na kipimo chochote cha damu, na hata hivyo humnyima mtu usingizi na nguvu za kutafuta riziki. Fibromialgia ni mojawapo. Mgonjwa huumwa karibu mwili mzima, kushoto na kulia, juu na chini ya kiuno, kwa miezi mitatu au zaidi. Hulala saa nane akaamka kana kwamba alikesha. Husahau alichotumwa. Wengi huumwa pia kichwa, au tumbo lisitulie. Ubongo na mishipa ya fahamu hupokea hisia za kawaida kwa ukali uliozidi, mithili ya redio iliyofunguliwa sauti hadi mwisho. Misuli yenyewe haikuharibika, lakini maumivu ni ya kweli.

Kwa miaka mingi ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa wa wanawake. Ni kweli kwamba wanawake wanaougua ni wengi zaidi, ila sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na kipimo. Mwaka 1990 chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kiliweka vigezo: daktari abonyeze sehemu 18 za mwili kwa nguvu ipatayo kilo 4, na zisizopungua 11 ziume. Kwa wastani, mwili wa mwanaume huhitaji kubonyezwa kwa nguvu zaidi kabla ya kuuma. Hivyo mwanaume aliyeteseka usiku kucha aliweza kubonyezwa kote, zikauma sehemu sita au saba tu, akaambiwa hana ugonjwa.

Mwaka 2010 chama hicho kilileta vigezo visivyohitaji kubonyeza. Mgonjwa huulizwa ni zipi kati ya sehemu 19 za mwili zilizomuuma katika wiki iliyopita, kisha huulizwa ukali wa uchovu wake, usingizi usioburudisha na usahaulifu. Kwa utaratibu huo pengo kati ya wanawake na wanaume lilipungua.

Lakini kipimo kipya kinategemea kinywa cha mgonjwa, na wanaume wengi hawasemi. Aliyelelewa kwa kuambiwa ajikaze kiume hutaja kiuno peke yake. Dereva wa bodaboda hulaumu barabara, mbeba mizigo hulaumu magunia. Hupewa dawa ya kutuliza maumivu. Mwezi unaofuata hutaja bega, tena katika kituo kingine, baadaye kichwa. Kila kipande hupata jibu lake, na hakuna mhudumu anayeuona mwili mzima. Nyumbani usingizi hutafutwa katika pombe, vibarua hukosekana, na mke huanza kudhani ameolewa na mvivu.

Wahudumu nao wana sehemu yao. Aliyefundishwa kwamba huu ni ugonjwa wa wanawake hataukumbuka mbele ya mwanaume mwenye kifua kipana. Mwigizaji Morgan Freeman wa Marekani alieleza hadharani mwaka 2012 kwamba anaugua maradhi haya, na hakuna aliyewahi kumwita legelege.

Zahanati haitarajiwi kutamka jina hili siku ya kwanza. Kwanza hutazamwa tezi ya shingo, upungufu wa damu, kisukari na baridi yabisi, kwa kuwa huleta dalili zinazofanana, na baadhi ya vipimo huhitaji rufaa. Mwenye viungo vilivyovimba, homa isiyoisha, uzito unaopungua, miguu inayolegea au mkojo usiozuilika asingoje; hizo ni dalili za jambo jingine na zinataka daktari upesi.

Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu kabisa haipo, ila nafuu ipo, na mazoezi ndiyo yenye ushahidi ulio bora. Anayekoroga zege kutwa atauliza: mazoezi gani tena? Swali lake ni la haki. Tabu ya kibarua ni kwamba siku ya nafuu hufanya kazi ya siku tatu, kisha hulala mbili. Mazoezi yanayokusudiwa ni ya kiasi, kama kutembea dakika 10 kila siku, yakiongezwa taratibu. Amitriptilini kwa dozi ndogo usiku huwasaidia baadhi, kwa maelekezo ya daktari. Diklofenaki haisaidii sana maumivu ya aina hii, na ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kudhuru tumbo na figo.

Mwanaume anayejitambua katika maelezo haya aandike kwa wiki mbili, katika daftari la kawaida, sehemu zote zilizouma, alivyoamka, na kazi iliyomshinda. Mke aandamane naye akiweza, maana yeye ndiye anayeuona usiku. Siku ya kwenda zahanati daftari hilo lichukuliwe, pamoja na kadi za vituo vyote alivyopitia na maganda ya dawa alizokwisha kumeza.