Mwaka Mpya wa Masomo: Matayarisho Yasiyoingia Sandukuni

Maudhui yetu leo ni vyuo vikuu vya Riyadh na Jeddah, nchini Saudi Arabia, na namna anavyopaswa kujitayarisha kijana wetu anayetarajia kujiunga navyo katika mwaka mpya wa masomo.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu kila inapokaribia Agosti, vijana na wazee wao huuliza swali lile lile: "Nafasi imepatikana, je, mtoto abebe nini?" Wengi hufikiria nguo, viatu, pengine na kopo la achari ya nyumbani. Si vibaya. Lakini nguo na viatu vimejaa tele katika maduka ya Batha, Riyadh. Kuna mambo matatu ambayo hayauzwi Batha wala popote pengine, nayo ni lugha, karatasi zilizohakikiwa, na ujuzi wa mahali mtu anapokwenda. Tuanze na hilo la mwisho.

Katikati ya mji wa Riyadh kuna mtaa uitwao Al-Murabba. Jina hilo si geni kwetu, kwani ndilo neno lililozaa "mraba" katika Kiswahili. Mtaa umeitwa hivyo kwa ajili ya Kasri la Murabba, ambalo Mfalme Abdulaziz alilijenga katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, nje ya ukuta wa mji wa kale. Leo kasri hilo limo ndani ya Kituo cha Kihistoria cha Mfalme Abdulaziz, kilichofunguliwa mwaka 1999, pamoja na Makumbusho ya Taifa. Mwanafunzi mgeni atafanya vyema akiitumia siku moja ya mapumziko kulizuru eneo hili, maana hapo ataona kwa macho yake jinsi mji mkubwa hivi ulivyokuwa mdogo si zamani sana.

Wakati kasri lile linajengwa, hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja katika ufalme huu. Cha kwanza kilianzishwa Riyadh mwaka 1957, nacho ni Chuo Kikuu cha Mfalme Saud. Mkuu wake wa kwanza alikuwa mwanachuoni wa Kimisri, Abdulwahhab Azzam, aliyekiongoza hadi alipofariki dunia mwaka 1959. Kilianza na kitivo kimoja tu, cha fasihi na sanaa, kikiwa na walimu 9 na wanafunzi 21. Mwaka 1967 kiliitwa Chuo Kikuu cha Riyadh, na mwaka 1982 kikarejeshewa jina lake la awali. Sasa kina mji wake mzima upande wa Diriyah, wenye vitivo vingi, hospitali na maktaba kubwa.

Hapana shaka wasikilizaji wetu wa Tanzania watakumbuka kisa kinachofanana na hicho. Mwaka 1961, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilianza kwa kitivo kimoja, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 20, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani. Kwa hiyo kijana atokaye kwetu asijione kuwa anatoka jangwani kwenda penye elimu. Vyuo hivi ni marika.

Ama kuhusu Jeddah, mambo yalianza kwa njia nyingine. Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz kilianzishwa mwaka 1967 kwa jitihada za wafanyabiashara na watu wa elimu wa mji huo, wala si kwa hazina ya serikali. Masomo ya matayarisho yalianza mwaka uliofuata kwa wavulana 68 na wasichana 30, na miaka michache baadaye serikali ikakichukua. Inafaa kuashiria hapa kwamba wasichana walikuwemo tangu siku za mwanzo. Kule Riyadh, Chuo Kikuu cha Amira Nourah bint Abdulrahman, ambacho ni cha wanawake peke yao, kilipewa jina hilo mwaka 2008, na mji wake wa masomo ukafunguliwa mwaka 2011. Binti anayesoma maneno haya huko Mombasa, Unguja, Moroni au Bukavu asidhani kwamba habari hizi ni za kaka zake tu.

Jingine la kulijua kuhusu mahali ni usafiri. Kwa miaka mingi mwanafunzi asiyekuwa na gari mjini Riyadh alitegemea basi la chuo, teksi au hisani ya mwenzake. Tangu Desemba 2024 treni za mji zimeanza kazi. Aliyeko Murabba anaweza kupanda njia ya buluu kuelekea kaskazini, akabadilisha njia mtaa wa Olaya, kisha akashika njia nyekundu hadi mwisho wake wa magharibi, ambao ni kituo cha Chuo Kikuu cha Mfalme Saud. Chuo cha Amira Nourah nacho kimefikiwa na treni. Kwa mwenye posho ya mwanafunzi, jambo hili si dogo.

Tukija kwenye hali ya hewa, tukumbuke kwamba Riyadh na Jeddah ziko mbali kwa karibu kilomita 950, na tabia zao si moja. Jeddah ni mji wa pwani. Joto lake lina unyevunyevu, na mtu wa Tanga au Lamu hatalishangaa sana. Riyadh iko bara, juu ya uwanda mkavu. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo joto hupita nyuzi 40 mchana, ilhali Januari usiku huwa na baridi ya kuhitaji koti zito. Waliokuja na kanzu nyepesi peke yake wamejuta.

Sasa, wapenzi wasikilizaji, tuingie katika jambo la lugha, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote.

Mswahili hufika Uarabuni akiwa na matumaini makubwa. Amesoma madrasa tangu utotoni, anasoma herufi za Kiarabu bila ya kusita, na lugha yake mwenyewe imejaa maneno ya asili hiyo: kitabu, kalamu, daftari, mtihani. Huu ni mtaji wa kweli, wala tusiudharau. Lakini mtaji huo huo unaweza kumpotosha, kwa sababu maneno yakivuka bahari hubadilika maana. Kwetu mtihani mwepesi huitwa "rahisi". Mwarabu akilisikia neno hilo, rakhis, ataelewa kitu cha bei ndogo. Neno linalohitajika hapo ni sahl, ambalo wazee wetu walilijua kwa umbo la "sahali". Sisi tukisema "sawa" huwa tumekubali. Hapa neno hilo aghalabu humaanisha "pamoja". Na mwanafunzi mpya akiingia ofisini kuulizia "ratiba" yake, huenda karani akafahamu kwamba anadai ratib, yaani mshahara, na akaelekezwa kwa mhasibu. Ratiba ya vipindi hapa ni jadwal, neno ambalo nasi tunalo, yaani "jedwali".

Hata jina la chuo kikuu lina mtego. Kwa Kiarabu ni jamia, lenye alama ya kike mwishoni. Mtu wa Nairobi akilisikia neno hilo fikira zake huenda kwenye Msikiti wa Jamia. Sisi tumechagua neno letu wenyewe, "chuo", ambalo katika Kiswahili cha zamani lilikuwa na maana ya kitabu, kisha likawa mahali pa kukisoma. Kwangu mimi hilo ni jina zuri lisilohitaji kuonewa haya.

Tena kuna tofauti ya lugha ya kitabu na lugha ya barabarani. Kijana aliyejifunza kwa ustadh wake kuuliza "nini?" kwa neno madha atashangaa kuwasikia watu wa Riyadh wakisema wesh na watu wa Jeddah wakisema esh. Asivunjike moyo. Darasani lugha ya kitabu ndiyo itakayomwinua, na ile nyingine ataiokota mkahawani na kwenye bweni.

Kwa sababu hiyo vyuo vikuu vya hapa vina taasisi za kuwafundisha Kiarabu wasiokuwa Waarabu. Zipo katika Chuo Kikuu cha Mfalme Saud na cha Imam Muhammad bin Saud mjini Riyadh, cha Mfalme Abdulaziz mjini Jeddah, na vilevile Makka na Madina. Wanafunzi wengi wa ufadhili huanzia huko, na huweza kukaa mwaka mmoja au miwili kwa kadiri ya kiwango walichokuja nacho. Ndipo ninaposema kwamba anayekuja na lugha amejiongezea mwaka wa umri wake. Na anayetaka udaktari, uhandisi au sayansi asisahau kwamba sehemu kubwa ya masomo hayo hufundishwa kwa Kiingereza.

Je, muda wa kujifunza utapatikana wapi? Muda upo, ila tumezoea kuupoteza. Matokeo ya kidato cha sita nchini Tanzania hutoka Julai, ilhali mwaka wa masomo wa Saudi Arabia huanza kwa kawaida mwishoni mwa Agosti, na maombi huwa yamefungwa zamani. Kijana hulazimika kungoja mwaka mzima. Kule Kenya matokeo ya sekondari hutoka Desemba au Januari, na hapo pia kuna miezi mingi hadi Agosti. Miezi hiyo ya kungoja ndiyo mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, kama mwenyewe atakubali kuihesabu hivyo. Saa mbili kila siku za sarufi, kusikiliza taarifa za habari kwa Kiarabu na kuandika ukurasa mmoja zinatosha kumgeuza mtu.

Jambo la tatu ni karatasi. Cheti kinatakiwa kihakikiwe, kwa kawaida na baraza la mitihani lililokitoa, kisha wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi. Kila mlango una siku zake na ada zake, kwa hiyo asingoje barua ya kukubaliwa ndipo aanze. Na hapa nataka kuonya juu ya majina. Kwetu mtoto huandikwa "Ali" katika cheti cha kuzaliwa, "Ally" shuleni, na "Aly" katika pasi ya kusafiria. Mwingine ni "Hamisi" hapa na "Khamis" pale. Kwa herufi za Kiarabu mtu huyo ni mmoja, lakini kwa kompyuta ya kupokea maombi wao ni watu watatu. Sahihisheni majina mapema kwa hati ya kisheria, mngali nyumbani.

Ni vyema pia kuzijua kanuni za kalenda. Tangu Juni 2013 mapumziko ya juma ni Ijumaa na Jumamosi, na masomo huanza Jumapili. Mwaka wa masomo hutajwa kwa tarehe za Hijria. Ama mihula, imekuwa ikibadilika: shule zilianza mfumo wa mihula mitatu mwaka 2021 na vyuo vikuu vingi vikafuata, kisha Agosti 2025 Baraza la Mawaziri likaamua shule zirejee kwenye mihula miwili, na vyuo vikaachiwa uamuzi wao. Basi mwanafunzi aiangalie kalenda ya chuo chake mwenyewe, asitegemee aliyoambiwa na kaka aliyesoma zamani.

Wapenzi wasikilizaji, kabla ya kufunga mazungumzo yetu, nina maneno mawili kwa wazazi. La kwanza ni hili: nafasi ya ufadhili haiuzwi. Ufadhili wa serikali kwa kawaida hujumuisha masomo, posho ya kila mwezi, malazi, matibabu na tiketi ya ndege. Basi akija mtu barazani kwako, akakwambia uuze kiwanja au ng'ombe ili akupatie "nafasi maalumu", jua kwamba anachokiuza si chake. Maombi yafanywe moja kwa moja, katika mlango rasmi wa chuo au wa serikali, na mtoto mwenyewe ndiye ayajaze.

La pili ni kuhusu siku ya kurejea. Shahada ya nje ina faida pale inapotambuliwa nyumbani. Tanzania kuna Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Uganda kuna Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Muulize huko, kabla ya kusafiri, kama chuo na fani aliyoichagua vinatambuliwa. Ni machungu makubwa mtu kumaliza miaka sita ugenini, kisha akaambiwa dirishani kwamba karatasi yake haina mlinganisho.

Na yule ambaye mwaka huu jina lake halikutoka, nasi tunamkumbuka. Kiarabu alichokwisha kujifunza hakitapotea, majina aliyoyasahihisha yamesahihishwa milele, na Mlimani, Makerere na Nairobi bado zipo. Mlango mmoja ukifungwa, matayarisho aliyoyafanya yatamfaa kwenye mlango wa pili.

Nawatakia wanafunzi wote, wapya na wa zamani, mwaka wa masomo wenye kheri na mafanikio.