Kichwa cha Mtoto Mchanga

Maneno ya kamati yaliyosomwa Niboye, Kigali, Siku ya Mtoto wa Afrika



Kila tarehe 16 Juni tunawakumbuka wanafunzi wa Soweto waliouawa mwaka 1976. Leo tumeona tuseme juu ya mtoto asiyeweza hata kusema: mtoto mchanga anayeumizwa ndani ya nyumba.

Mtoto huyo ana kichwa kizito na shingo dhaifu. Mtu mzima akimtikisa kwa hasira, ubongo hutikisika ndani ya fuvu na mishipa ya damu hukatika. Mara nyingi nje hakuna jeraha. Daktari Guthkelch wa Uingereza aliliandika jambo hili mwaka 1971.

Dalili ni hizi: hanyonyi, anatapika, amelegea, utosi umevimba, ana degedege, pumzi inakatika. Lakini malaria na homa ya uti wa mgongo huweza kufanana nazo. Kwa hiyo daktari hahukumu kwa dalili moja. Hupiga picha ya kichwa na ya mifupa, hutazama nyuma ya macho, hupima kama damu inaganda, kisha hulinganisha na maelezo ya wazazi.

Hapo ndipo tunapokosea. Kwa kuogopa polisi na majirani tunasema, "Alianguka kitandani," na mtoto anakosa tiba inayomfaa. Tuseme kweli, na tuseme mapema.

Nanyi watumishi, msimwone kila mama kuwa mkosaji. Kuanguka kweli kupo, na magonjwa ya damu yapo. Ulizeni kwa upole, mtaambiwa.

Tujue pia kwamba kilio cha mtoto huzidi hadi karibu miezi miwili, kisha hupungua. Tunaishi watu wengi katika chumba kimoja cha kupanga, kazi hakuna, usingizi hakuna. Hasira ikipanda, mlaze mtoto chali mahali salama, toka nje, vuta pumzi, mwite jirani. Kulia peke yake hakuui. Kutikiswa kwaweza kuua.

Mtoto akibadilika, msingoje asubuhi. Mpelekeni kituo cha afya, mkamwarifu na mshauri wa afya wa mudugudu. Palipo na ukatili, viko vituo vya Isange, vilivyoanzia Kacyiru mwaka 2009, ambako daktari, polisi na mshauri wa nasaha hupatikana mahali pamoja.

Jirani akigonga mlango usiku na kusema, "Nishikie mtoto kidogo," tusimcheke. Tumpokee.