Ini Likichoka, Akili Huvurugika
Wasikilizaji, mzee mwenye ini lililosinyaa akianza kulala mchana na kukesha usiku, akakosea vifungo vya shati, viganja vikipigapiga anaponyosha mikono, msiseme karogwa. Ini limeshindwa kuondoa amonia itokayo utumboni, nayo imefika kwenye ubongo. Mwahisheni hospitali.

Dawa ya kwanza huwa laktulosi, maji mazito matamu mno, wengine huyakinai. Kipimo hurekebishwa mpaka apate choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Akiharisha maji matupu, kimezidi, mwambieni daktari. Hali ikijirudia, huongezewa rifaksimini, antibiotiki inayofanya kazi humo humo utumboni.

Msimnyime maharage wala samaki, misuli yake inahitaji protini. Na vidonge vya usingizi? Hata akikesha, msimpe bila ruhusa ya daktari.