Kipanga Asiye na Rafiki: Akili, Urafiki na Maisha ya Bweni



Mwanafunzi anayeongoza darasa akionekana peke yake kila siku, tumezoea kusema ndivyo vipanga walivyo. Mada yangu inapinga kauli hiyo, kwa sababu inatufanya tumwache mtoto katika upweke huku tukidhani tunaheshimu kipaji chake.

Mwaka 1921 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,500, wengi wao wa California, waliopata alama za juu sana katika vipimo vya akili. Kwa wastani hakuwakuta wapweke kuliko wenzao. Lakini wengi walipendekezwa na walimu, na mwalimu humwona upesi mtoto mchangamfu, kwa hiyo matokeo hayo nayapokea kwa tahadhari.

Anayenisaidia zaidi ni mtafiti Leta Hollingworth wa New York. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1942, yeye akiwa ameshafariki, alieleza habari za watoto 12 waliovuka alama 180 katika vipimo vya akili. Kupata marafiki kuliwasumbua. Ila wale wa kati ya 125 na 155 aliwaona wana nafasi nzuri ya kupendwa, hata kuongoza wenzao. Kwa hiyo tatizo halikuwa akili yenyewe, lilikuwa umbali. Mtoto wa miaka sita anayetaka mchezo wenye kanuni nyingi huwachosha wa rika lake, na wa miaka kumi na miwili wanamkataa kwa udogo wake.

Shule zetu za vipaji maalumu, kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala, zinaupunguza umbali huo: mtoto anapata wa kuzungumza naye. Hata hivyo zinazaa jambo jingine. Aliyekuwa wa kwanza tangu darasa la kwanza sasa ni wa arobaini, na nafasi yake imebandikwa ubaoni kila mtu aisome. Ndipo daftari linapoanza kufichwa chini ya godoro, na msuli kupigwa kwa siri, ili rafiki asipite mbele.

Hata asiyeficha daftari anaweza kumpoteza rafiki. Tazameni prepo, saa za kujisomea. Kipanga anaombwa msaada wa swali la fizikia. Anachukua kalamu, anaandika mistari minne, anarudisha daftari, anainama tena. Jibu ni sahihi, na aliyeuliza hatarudi tena. Afundishwe kuanza na swali, "Wewe umefika wapi?", na kalamu ibaki mkononi mwa mwenzake. Ustadi huu unafundishika kama kuchora grafu. Nao unamnoa yeye mwenyewe, maana kuifuata njia ya mtu mwingine mpaka pale alipopotea ni kazi nzito ya akili.

Napendekeza kila mwanafunzi akabidhiwe matokeo yake mkononi, mbao zibaki kwa matangazo mengine, na vikundi vya majadiliano vipangwe upya kila muhula, mlezi akikaa navyo mwanzoni kusikiliza jinsi wanavyoulizana.